Aliyecheka Peke Yake Masasi

Makote, Newala
9 Mei, 1954

Kaka yangu Cuthbert,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta barazani na miwani yako, si kitandani na yale magoti. Sisi huku Makote hatujambo. Baba Mabel anakusalimu sana. Kikohozi kimemwachia, amerudi shambani, na sasa analalamikia mgongo, ndipo nikajua kwamba amepona kweli. Mvua zimekatika mapema lakini visima vya bondeni bado vina maji, kwa hiyo hatujaanza kununiana na majirani. Mbaazi zimekubali. Nisalimie wifi yangu Mama Cecil na watoto, na akienda Lisekese kwa mama yake, Bibi Ethel, naye amfikishie salamu zangu.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Mabel ameletewa posa. Mshenga alikuja Jumapili baada ya ibada, akakaa, akala, akazungumza habari za kuku na za mihogo mpaka Baba Mabel akaanza kusinzia, ndipo akasema alichokuja kusema. Nikamjibu kama mama yetu alivyotufundisha. Nilimwambia, mimi nimemzaa tu, na huyu mzee anayesinzia ni baba yake tu. Mwenye mtoto ni mjomba wake, na mjomba wake yuko Lulindi anafundisha shule. Ukisema ndiyo, tutafunga ndoa kabla korosho hazijaanza kuanguka. Ukisema hapana, imekwisha, hakuna atakayelirudia hilo neno nyumbani kwangu.

Kijana mwenyewe ni wa hapahapa Newala, Mkristo, amesoma. Alikuwa Nachingwea enzi za mashamba ya karanga ya Wazungu, na sasa ana kazi ya serikali ya kuzunguka na gari. Anavaa viatu hata siku zisizo za Jumapili. Lakini linalonipendeza mimi ni heshima yake. Tangu mshenga alete neno, kijana hapiti tena mbele ya nyumba yangu. Akiniona njiani kwa mbali anaingia porini mpaka nipite, kama inavyompasa mtu kwa mama mkwe wake. Wiki iliyopita alijificha kwenye upupu. Mimi nilipita nikitazama mbele na kujifanya sijui kitu, ila nilimsikia akijikuna mpaka nilipofika kanisani.

Mabel naye, ukimwuliza, anakwenda jikoni. Anasugua masufuria tu. Masufuria yangu hayajawahi kung'aa hivi tangu niyanunue.

Nangoja neno lako, kaka.

Mdogo wako,
Isabela


Lulindi, Masasi
20 Juni, 1954

Mama Mabel, dada yangu,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu mtu aliyepewa aniletee kutoka Masasi aliiweka ndani ya kofia yake, akaisahau humo. Nilipoipata ilikuwa imelowa jasho, na salamu za Baba Mabel hazikusomeka. Nimezikisia, nami namrudishia zile nilizokisia. Magoti yangu hayahitaji kuulizwa kila barua. Mama Cecil hajambo. Cecil amefaulu hesabu lakini mwandiko wake unatia huruma, na watu wanajua ni mtoto wa mwalimu.

Habari ya posa imenifurahisha. Kazi ya serikali ni kazi, na kijana anayekubali kuwashwa na upupu kwa ajili ya mkwewe amelelewa na watu. Ila hukuniandikia jina lake. Wewe ndiwe mtu wa pekee niliyemwona akieleza viatu vya mchumba na kusahau jina. Niletee jina, nami nitaleta neno.

Leo hata hivyo moyo wangu haujatulia, na lazima nikueleze.

Unakijua kile kitabu changu cha Kiingereza chenye jalada jekundu, nilichopewa na Padre mwaka nilipopata cheti. Ndicho ulichokuwa ukisema kitanitia wazimu, kwa maana ulinisikia nikicheka peke yangu chumbani. Ni habari za Mwingereza mmoja, Bwana Pelby, karani, mtu mwoga. Anampeleka mama wa mkewe mashambani kwa mkokoteni wa punda ili apate hewa nzuri. Punda hataki kwenda. Yule mama ana kofia kubwa yenye manyoya ya ndege, na njiani kuna bata bukini aliyeipenda kofia ile. Mwisho wote wanaingia bwawani, isipokuwa punda. Nimekisoma mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima.

Basi, Padre alisikia kwamba Waingereza walikitengenezea sinema zamani, enzi za sinema zisizosema. Akaagiza, ikaja kwa meli. Na gari la sinema la serikali lilipokuja Masasi kuonyesha habari za muhogo na usafi wa vyoo, akaomba na yake ionyeshwe. Kwa wiki nzima niliwatangazia watu. Niliwaambia, mtacheka mpaka mbavu ziume. Watu wakaja kutoka kila upande, wengine kwa miguu tangu mchana, wanaume huku, wanawake kule. Nilikaa mbele, karibu na Padre.

Kwa kuwa sinema ile haisemi, kuna kijana wa gari anayeeleza kwa kipaza sauti. Mashine ikawaka. Bwana Pelby akatokea, punda akatokea, na yule kijana akasema kwa sauti ya kufika Ndanda: "Huyu ni karani. Na huyu anayepanda nyuma yake, magoti yakimgusa mgongo, ni mama mkwe wake."

Isabela, ukimya ule nimeusikia makaburini tu. Wanawake wote wakajifunika kanga usoni. Mzee mmoja aliuliza kwa nguvu kama yule bwana hana wajomba wa kumkanya. Bata alipoivuta kofia, kichwa cha yule mama kikabaki wazi mbele ya mkwewe, watu wakaanza kuondoka. Na walipotumbukia bwawani, na karani akamshika mkwewe mguu ili amtoe, nusu ya uwanja ulikuwa mtupu, na waliobaki walikuwa wakisema, "Pole, mama," kuelekea kwenye kitambaa cheupe cha picha. Padre akaniuliza taratibu, "Mwalimu, mbona hawacheki? Hawaoni vizuri?" Wiki nzima niliyotangaza ikanirudia usoni.

Lawama yote naiweka kwa yule kijana wa kipaza sauti. Mtu aliyezaliwa katika nchi hii angejua la kusema na la kunyamazia. Jina lake silijui wala sitaki kulijua. Nasema hivi, mtoto wa nyumba yetu asije akanywa hata maji nyumbani kwa mtu kama yule.

Mengine ya jioni ile si ya kuandikwa.

Ndimi kaka yako,
Cuthbert


Makote, Newala
4 Agosti, 1954

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Barua yako niliipata mapema tu. Kwanza nilikuwa na uvunaji wa mbaazi, kisha Baba Mabel alijikata jembe kidoleni, kisha maji ya karibu yakakauka, na sasa tunashuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo vichwani jua likituchoma. Ukiona mkunjo kwenye karatasi, ni mimi nimelala juu yake. Tumepona wote. Baba Mabel anaweza tena kunyooshea watu kidole.

Nimekawia pia kwa sababu nilikuwa naitafutia barua hii mahali pa kuanzia, na sijapata. Kwa hiyo naanza popote.

Nimesikitika sana kwa habari ya sinema. Na mimi ningejifunika kanga. Lakini Husseni wa lori la chumvi alikuwepo Masasi jioni ile, na ameleta huku habari ambayo wewe hukuniandikia. Anasema si kweli kwamba hakuna aliyecheka. Anasema bata alipoichukua kofia, uwanja mzima kimya, mtu mmoja alicheka. Tena si kicheko cha kuzibia mdomo, anasema mtu yule alicheka mpaka kiti kikalia. Watu wakageuka wote kumtazama. Husseni alikuwa nyuma karibu na lori lake, hakumtambua. Alisema tu kwamba kicheko kilitoka mbele, karibu na Padre.

Wewe ulikuwa mbele, karibu na Padre. Hukumwona ni nani?

Nauliza tu, kwa sababu Husseni anasema pia kwamba wanawake wa Lisekese walikuja kwa wingi, na Bibi Ethel alikuwepo, ameketi kwenye mkeka pamoja na wenzake. Wewe na yeye hamjawahi kuonana uso kwa uso tangu uoe, heshima yenu wote tunaijua. Kwa hiyo nikasema moyoni, bahati nzuri aliyecheka si kaka yangu.

Sasa jina uliloniomba. Kijana anaitwa Basil. Kazi yake ya kuzunguka na gari, ndilo hilo gari. Kipaza sauti ndicho chake.

Kaka, usiikunje barua. Soma mpaka mwisho. Yule mtoto alieleza alichoambiwa. Padre alimwambia huyu ni nani na yule ni nani, naye akasema. Tangu siku ile hana raha. Amemweleza mshenga kwamba neno la mjomba likiwa hapana, hatamshawishi Mabel watoroke wala hatatafuta mtu wa kukuzunguka. Atarudi Nachingwea. Mabel aliposikia hivyo aliacha kusugua masufuria. Anakaa tu mlangoni na mikono mapajani. Nilifikiri masufuria yakipumzika nitafurahi, kumbe sifurahi hata kidogo.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Isabela


Lulindi
15 Agosti, 1954

Mama Mabel,

Marahaba. Nyumbani hatujambo.

Jibu langu ni hapana.

Wala usiseme kwamba ni hasira. Nimefikiri. Sababu ni wewe. Ukimwoza Mabel kwa kijana huyo, mama mkwe wake ni wewe, Isabela. Mtu aliyesimama mbele ya Masasi nzima akamtangaza mkwe wa mtu akiwa majini, atashindwa nini siku moja kukutangaza wewe? Nina dada mmoja. Sitamtoa awe kichekesho cha mtu mwenye kipaza sauti.

Na habari ya Husseni ni ya Husseni. Katika umati watu hukohoa, hupiga chafya, viti vya shule vimechakaa na hulia vyenyewe. Mwalimu hana kazi ya kuhesabu sauti za watu.

Mama Cecil alikwenda Lisekese kwa mama yake mwezi uliopita akarudi mikono mitupu. Kila mwaka wakati huu Bibi Ethel hutuletea ming'oko, ile mizizi anayoichimba mwenyewe porini, na kuichemsha kama asivyojua mwingine yeyote. Mwaka huu hakuleta. Nilituma salamu mara mbili kwa njia ya mtoto. Mtoto alirudi na kusema, "Bibi amesema amesikia." Basi. Labda ming'oko ni michache mwaka huu.

Nakuandikia hili kwa kuwa ni habari ya nyumbani, si kwa sababu nyingine.

Cuthbert


Makote, Newala
12 Septemba, 1954

Kaka yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ajili ya magoti, maana mwezi huu upepo wa jioni una baridi.

Nimelipokea neno lako, na nimemfikishia mshenga. Sikulipunguza wala sikuliongeza. Mabel alisikia, akachukua ndoo akashuka bondeni, akarudi akapika, hakunijibu vibaya. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hata hakunijibu vibaya. Sikuandikii kukubembeleza. Nakuandikia kwa sababu gari la sinema limefika Newala, na wewe ni mtu wa sinema ile, unastahili kujua ilivyokuwa.

Kwanza nikwambie kwamba ming'oko si michache mwaka huu. Huku wanauza mpaka njiani.

Padre alisisitiza tena ionyeshwe. Basil naye, ingawa amekwisha kukataliwa, bado haji mbele yangu. Alimwendea Baba Mabel shambani, akachuchumaa, akamwambia, "Baba, kesho nitawaaibisha watu wa kwetu kama nilivyoaibisha Masasi. Nifanye nini?" Baba Mabel akaja kuniuliza mimi, kama anavyofanya kwa kila kitu isipokuwa mgongo wake. Mimi nilikuwa natwanga. Nikamwambia, nani aliyesema yule mama ni mkwe? Usoni kwake hakuandikwa. Mtu anayepanda mkokoteni mmoja na mwanamume, akamgombeza njia nzima, akampiga kwa mwavuli, wakaanguka pamoja majini na kuvutana miguu, huyo si mkwe wa mtu. Huyo ni bibi yake. Nani asiyejua jinsi bibi na mjukuu wanavyotaniana? Bibi yetu mwenyewe alikuwa akikuita "mume wangu mvivu", na wewe ulimfichia kiko chake kwenye chungu cha mboga, au umesahau?

Baba Mabel akarudi shambani akafikisha.

Wanaume wakakaa huku, sisi tukakaa kule. Mashine ikawaka. Nikaiona kanga ya mwanamke wa mbele yangu ikijiandaa kupanda usoni, maana habari za Masasi zilikwisha kufika. Basil akasema kwenye kipaza sauti, "Huyu ni karani, kijana wa watu. Na huyu anayepanda nyuma ni bibi yake, mama wa mama yake. Anamwita mume wangu tangu akiwa mdogo, na leo amemwambia, mume wangu, nitembeze."

Kaka, sijui nikuelezeje. Punda alipokataa kwenda, bibi alipompiga yule mjukuu badala ya punda, mama mmoja karibu yangu alipiga kelele, "Mwache, ndiye uliyemtaka." Bata alipochukua kofia, vikongwe ndio waliocheka kuliko wote. Bibi wa jirani yangu mmoja alisimama akamwelekeza karani bata alikokwenda. Na karani na bibi walipotumbukia bwawani, watazamaji waligawanyika, nusu wanacheka, nusu wanalia kwa uchungu, si kwa ajili ya watu bali kwa ajili ya maji. "Jamani, maji yote yale," walisema. "Wanayachafua kwa miguu." Ninyi wa kule kwenu, mnaochota maji karibu, hamwezi kujua. Mwanamke mmoja aliomba karani atoke taratibu asiyamwage. Ndipo na mimi nikacheka mpaka nikashika ardhi.

Nimeelewa sasa kwa nini ulikuwa ukicheka chumbani. Miaka yote nilidhani una kasoro.

Kwa kuwa umekisoma kitabu, nakuuliza wewe. Ni dhambi kumgeuza mkwe akawa bibi? Kama ni dhambi, niandikie mimi, si Basil.

Halafu kuna jambo dogo, nami nitalisema kisha ninyamaze. Baba Mabel alimwuliza Basil siku ile shambani, ilikuwaje Masasi hata hakukimbia. Akasema alitaka. Alikwisha kuweka mkono kwenye mashine aizime, watu wanaondoka, yeye anatamani ardhi ipasuke. Ndipo mtu mmoja akacheka mbele, karibu na Padre. Mwanga ulikuwa ukimpiga Basil machoni, hakumwona. Lakini alisema kicheko kile kilimshika mkono. Alijua yupo mtu mmoja anayeelewa, akaendelea mpaka mwisho kwa ajili ya mtu yule. Anasema tangu siku ile anamtafuta ili amshukuru, na kama angejua anakoishi angekwenda kwa miguu.

Sikumpelekea neno. Nitamwambia nini, na mimi sijui ni nani?

Mdogo wako,
Isabela


Lulindi
17 Oktoba, 1954

Isabela, mdogo wangu,

Marahaba, marahaba kwa zote mbili. Magoti yanaitikia.

Sikukujibu upesi kwa kuwa nilikuwa na kazi. Kwanza nijibu swali lako la dini. Katika kitabu ni mama mkwe, ukurasa baada ya ukurasa, na mtu hana ruhusa ya kubadili kitabu cha mwenzake. Hayo nayasema kama mwalimu. Padre nilimweleza, akafikiri kidogo, akasema mwandishi mwenyewe amekufa zamani na huenda asingejali. Akaniuliza kama mila yetu ingemruhusu yule karani kucheka na mkwewe hata mara moja. Nikamwambia hapana, ila kila mtu ana bibi. Akasema ameishi hapa miaka mingi, na hilo hakuna aliyewahi kumwambia.

Kisha nikamwomba alilete gari la sinema Lisekese. Hakuniuliza kwa nini.

Kabla ya siku hiyo nilituma jogoo kwa Bibi Ethel. Wewe unajua mtu anayempelekea mkwe jogoo anaomba radhi ya nini, sina haja ya kuandika. Jogoo alipokewa, lakini mtoto alirudi na maneno yaleyale, "Bibi amesema amesikia."

Jioni ya sinema sikukaa mbele. Nilikaa nyuma kabisa, nyuma ya matairi ya gari, na Mama Cecil alinifunika shuka kama mgonjwa. Kijana wako alikuwa karibu nami kiasi cha kumgusa, ila alikuwa na kazi, hakugeuka. Ana sauti nzuri. Hilo nalikubali. Akasema maneno ya bibi na mume wangu. Watu wakaanza. Nami nikauma shuka, kwa maana niliapa, sauti yangu haitasikika tena mbele ya kitambaa kile.

Bata akaja. Na upande wa wanawake, juu ya vicheko vyote, nikasikia kimoja. Chembamba, kinapanda, kinakatika, kinapanda tena. Miaka yote tangu nimwoe Mama Cecil nimekuwa nikiisikia sauti ya mama yake kwa mbali, ikitoka jikoni, ikitoka nyuma ya ukuta, ikisalimia watu nisiowaona. Kicheko chake sikuwahi kukisikia. Lakini nilikijua hapohapo, maana Mama Cecil anacheka vilevile, na kicheko kile ndicho kilichonifanya nimwoe. Mama Cecil naye akakisikia. Akaniwekea mkono begani juu ya shuka, na mimi, Isabela, niliacha kuuma shuka.

Tulicheka pamoja, mimi na mkwe wangu, kila mmoja mahali pake, bila kuonana. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Uwanja mzima ulikuwa ukicheka.

Asubuhi ya Jumatatu tulipoamka, kapu la ming'oko lilikuwa mlangoni. Bado ya moto. Nimekula mpaka nimechelewa shule, jambo ambalo halijatokea tangu nianze kufundisha, nawe usimwambie Cecil.

Sasa neno. Nilikataa kwa ajili yako, nikiogopa huyo kijana hajui heshima ya mkwe. Kumbe ndiye aliyemrudishia mkwe wangu ming'oko mkononi. Mwambie mshenga aje kwa mjomba, na aje na mtu wa kubeba mizigo, maana nitamrudisha na mpunga. Posa ya Basil nimeipokea. Mabel ni wake. Korosho zisije zikawatangulia.

Na mwambie Basil asimtafute tena yule mtu aliyecheka Masasi. Amekwisha kushukuriwa.

Kaka yako,
Cuthbert

Bibi yetu hakuwahi kukiona kile kiko. Kilipikwa pamoja na mboga, sote tukala.


Makote, Newala
28 Novemba, 1954

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Mlipoondoka baada ya arusi nyumba ilikuwa kubwa kwa siku kadhaa, halafu Baba Mabel akaijaza na korosho. Tumelala pamoja nazo. Mikono yangu imeungua na mafuta ya maganda, ndiyo maana mwandiko ni huu, kama wa Cecil. Wape salamu wote. Mwambie Bibi Ethel kwamba ile ming'oko aliyoituma kwenye arusi iligombewa.

Mabel hajambo. Masufuria ya nyumbani kwake yanang'aa kuliko yangu, nimeona wivu.

Jana gari la sinema lilirudi Newala, na watu walimwomba Basil awaonyeshe bibi na bata tena. Mimi nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Sasa ndiyo mkwe wangu kabisa, si wa posa tena. Nitaketije uwanjani wakati yeye amesimama pale na kipaza sauti, ananiona kinywa wazi? Nikamwambia Baba Mabel aende peke yake, mimi nitabangua korosho.

Jioni Mabel akaja kunifuata. Akanishika mkono, akanizungusha mbali, nyuma ya mikorosho ya shule, mpaka nikashangaa tunakwenda wapi. Nikaona mkeka umetandikwa, na mto, na kibuyu cha maji. Mbele yangu kilikuwa kile kitambaa cheupe, ila kwa upande wa nyuma. Basil ndiye aliyesema mkeka uwekwe pale. Picha inapenya, kaka. Kila kitu kinaonekana. Tofauti ni kwamba upande wangu punda anatoka kule anakoingilia kwenu, na karani anampungia mkewe kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo nilikaa upande wangu na mkwe wangu akasimama upande wake, kitambaa katikati yetu, wala mimi sikumwona wala yeye hakuniona. Bata alipoichukua kofia nilicheka kama nilivyotaka, bila kanga mdomoni. Nikasikia kipaza sauti kimenyamaza. Niliogopa, nikafikiri mashine imeharibika.

Haikuharibika. Alikuwa ananingoja nimalize kucheka.

Mdogo wako,
Mama Mabel